Sufuri ya Kanda ya Magharibi

Ofisi ya Takwimu, 4 Februari

Mjomba, shikamoo.

Vipi mafua? Mama anakusalimu sana. Goti lake la kulia bado linamsumbua. Daktari amemwambia apunguze kupanda ngazi, naye akamjibu kwamba nyumba yetu iko ghorofa ya tatu, labda daktari atafute lifti ya kumletea. Kwa hiyo unaona mwenyewe kuwa mdomo uko salama. Mimi nimehamishiwa chumba cha nyuma, chenye dirisha lisilofungika. Tunafanya kazi huku tumeweka vipande vya matofali juu ya makaratasi ili upepo usituhamishie data kwa jirani.

Najua masikio yako na simu hawaelewani tena, ndiyo maana naandika. Nimepewa kazi ambayo nilipoisikia tu nilikukumbuka. Nalinganisha thamani ya rojo la mbao, lile la kutengenezea karatasi, lililoingizwa kutoka nje katika kanda mbili, mashariki na magharibi, kwa miaka kumi na tano. Ni rojo lile lile ulilonionyesha kiwandani nikiwa mdogo, marobota yamepangwa mpaka karibu na paa, nikakuuliza nani analala kwenye magodoro yote haya. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Sikufichi kazi hii inakwenda wapi. Kama unavyojua, miaka tisa iliyopita nafuu ya ushuru iliachiwa mashariki peke yao, ninyi mkaondolewa. Sasa wakubwa wanataka kuamua kama mrudishiwe, na wataamua kwa kuangalia jedwali langu. Wakiona kanda yenu bado inaingiza rojo, hata kama ni kidogo, mna nafasi nzuri. Ripoti inafungwa mwisho wa Aprili.

Nina swali. Kuna miaka magharibi mmeingiza mzigo mzito kuliko mashariki, lakini thamani yake ni kama nusu ya yao. Mkuu wangu anasema mlikuwa mnadanganya forodhani. Mimi nahisi kuna jambo la kiwandani hapo. Nisaidie kabla sijafungua mdomo kikaoni.

Na Bibi, ile mashine yenu ya karatasi, hajambo? Naye ni wa kusalimiwa, nisije nikaambiwa mjini nimepoteza adabu.

Mpwa wako.


Nyumbani, 19 Februari

Bi Takwimu, mpwa wangu, marahaba.

Mafua yameondoka yakaniachia kikohozi. Aunti yako mzima. Ameitoa cherehani yake chini ya kitanda, tangu Januari anashona sare za shule. Sebule nzima ni vitambaa, ukikaa bila kuangalia unachomwa na pini mahali ambapo siwezi kukuandikia. Mwambie dada yangu amhurumie huyo daktari, ana watoto wa kulea.

Na huyo Mkuu wako mwambie asitukane watu asiowajua. Sisi tulikuwa tunanunua rojo bichi ng'ambo ya mpaka, linakuja kwa malori. Rojo bichi nusu yake ni maji. Ukilibonyeza kwa kidole linatoa jasho. Wenzetu wa mashariki wanaletewa kwa meli, na hakuna mwenye akili timamu atakayeyalipia maji nauli ya meli, kwa hiyo lao linakuja limekaushwa, gumu kama mbao za dari. Forodhani wanapima robota zima na maji yake. Ndiyo maana uzito wetu unatisha na thamani haitishi. Toa maji kwanza, halafu ndiyo ulinganishe. Na ule mwaka wa mafuriko, daraja lilipokwenda na maji, utaona thamani yetu imeruka juu ghafla. Tuliagiza kavu kama wenzetu, tukaipata habari yetu.

Ulihisi vizuri. Umerithi pua ya upande wetu, wa baba yako wasikudanganye.

Bibi hajambo. Amepumzishwa kidogo. Kwa umri ule, lazima apumzike.

Mjomba wako.


Ofisi ya Takwimu, 11 Machi

Mjomba, shikamoo, na Aunti pia.

Hapa tuko salama. Mama ameanza kutembelea mkongojo, na anautumia zaidi kuwanyooshea watu kuliko kutembelea.

Asante kwa somo la maji. Nimeyatoa maji ya miaka yote. Kisha nikaweka uzito pembeni ya thamani, maana nako kulikuwa na kizungumkuti: thamani ya mashariki imepanda karibu maradufu, Mkuu akawa ameshaandika "ukuaji mkubwa". Nikamwonyesha kwamba mzigo wenyewe ni ule ule, kilichopanda ni bei ya rojo duniani. Alininunia mpaka mchana. Baada ya kula akasema sawa.

Sasa jedwali linasomeka, mjomba, na linasomeka vibaya kwetu. Kwa miaka sita ya kwanza kanda mbili zinakwenda bega kwa bega. Nafuu ilipoondolewa, mashariki wanaendelea kama kawaida, ninyi mnateremka kila mwaka. Hilo peke yake lingewasaidia kudai nafuu, maana linaonyesha wazi mlipoumizwa.

Lakini kuna kitu kingine. Robo mbili za mwisho, Julai mpaka Desemba, kanda yenu imeandikwa sufuri. Siyo kidogo, sufuri. Kiwanda kilichobaki kwenye kanda hiyo ni chenu tu. Nimewaandikia forodha kuuliza kama karani alisahau kujaza, wamenijibu hawajasahau. Mjomba, mnatumia nini humo ndani? Mna akiba ghalani? Mmegeukia makaratasi chakavu? Niambie chochote ambacho ni kweli, nitakieleza. Kwa namba tupu, sufuri inasomeka kwamba kiwanda kimekufa.

Nijibu mapema, tafadhali.

Mpwa wako.


Ofisi ya Takwimu, 2 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Wiki tatu kimya. Nimempigia Aunti, akaniambia "mjomba wako atakuandikia," akageuza maneno akaanza kuniuliza kuhusu goti la mama. Aunti hajui kudanganya, unamjua.

Nipe hata mistari miwili.

Mpwa wako.


Nyumbani, 14 Aprili

Mpwa wangu, marahaba.

Mama yako usimsomee hii.

Bibi amesimama tangu Agosti. Rojo liliisha, meneja akaenda kutafuta mkopo wa kununua jingine, akarudi mikono mitupu. Watu wakaambiwa waende nyumbani kwa mwezi mmoja. Ule mwezi mmoja bado unaendelea. Aunti yako hashoni sare kwa kupenda kushona, anashona ili tule. Sikukwambia kwa sababu nilijua utakwenda kuliandika. Ndiyo kazi yako, na mimi sikutaka mtu wa kwanza kulitamka niwe mimi.

Lakini hajafa, nisikilize. Kila asubuhi mimi na Mnene tunakwenda. Mnene, kama unamkumbuka, ni yule mwembamba kama ufito. Mlinzi anatufungulia mlango mdogo. Rola za mashine ya karatasi ni za chuma, ndefu kuliko chumba chako hicho cha upepo, na nzito. Ukiziacha zimelala upande mmoja miezi yote hii, uzito wao wenyewe unazipinda katikati. Rola iliyopinda haitoi karatasi tena, inatoa matambara. Kwa hiyo tunazizungusha kwa mtaimbo, kila moja robo duara, tunatia alama ya chaki, tunapaka grisi, tunafuta kutu. Hakuna anayetulipa. Meneja akitukuta anasema "aa, wazee" na kupita. Watu sokoni wanasema tumechanganyikiwa. Waseme.

Bibi ukimpa rojo leo, kesho anatoa karatasi. Huo ndio ukweli, na hauonekani kwenye sufuri yako.

Nakuomba jambo moja, na sijawahi kukuomba kitu tangu uzaliwe. Usiandike sufuri. Andika "taarifa hazijapatikana". Maneno mawili. Hakuna atakayekufa. Wakitupa nafuu, benki itatukubalia, tutawasha, na mwakani utaandika namba halali kabisa.

Mjomba wako.


Ofisi ya Takwimu, 28 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Mvua zimeanza huku, chumba chetu kimeingia maji, tumehamia korido. Mama anaendelea vizuri. Anamwambia Aunti kwamba kama sare zinamzidia atume baadhi, yeye mikono haina goti.

Barua yako niliipata. Niliisoma mara nyingi.

Ripoti nimeikabidhi jana. Tuombe heri.

Mpwa wako.


Nyumbani, 30 Juni

Kwako mpwa.

Sisi wazima.

Meneja amesoma uamuzi ubaoni, mbele ya watu wote walioitwa kwa matumaini. Nafuu inabaki mashariki. Sababu iliyotolewa: kanda ya magharibi haina tena uingizaji, "angalia jedwali". Nililiangalia. Sufuri mbili, nzuri, zimekaa sawasawa.

Nilikuomba maneno mawili. Wewe niliyekubeba mabegani. Ungenijibu "mjomba siwezi" ningeumia nikanyamaza. Badala yake umeniandikia habari za mvua.

Usinijibu haraka.

Mjomba wako.


Ofisi ya Takwimu, 21 Julai

Mjomba wangu, shikamoo.

Sikujibu haraka, kama ulivyosema. Sasa najibu.

Ndiyo, niliandika sufuri. Nilikaa na barua yako chooni, mahali pekee penye mlango wa kufunga kwenye jengo hili, nikalia mpaka mhudumu akagonga. Kisha nikaenda nikaandika sufuri. Taarifa zilikuwa zimepatikana, mjomba. Forodha walinithibitishia, na wewe ukanithibitishia. Ningeandika hazijapatikana, ningekuwa ninasema uongo kwa mkono wangu, na namba zote nilizozitetea mbele ya Mkuu, zile za maji na za bei, zingekuwa hazina maana tena. Sikukwambia mapema kwa sababu niliogopa. Nilijua ukinijibu kwa ukali ningeweza kubadili. Hapo nilikuwa mwoga, nisamehe kwa hilo. Kwa sufuri siombi msamaha.

Lakini sikuiacha sufuri peke yake. Chini ya jedwali niliweka tanbihi. Nanukuu: "Kiwanda kimesimama kwa kukosa malighafi, si kwa ubovu. Mafundi wake wanaendelea kuzungusha rola kila siku, na mashine iko tayari kufanya kazi." Mkuu alicheka, akasema hii ni ofisi ya takwimu si gazeti. Nilimwambia akiitoa na jina langu alitoe. Tanbihi ikabaki. Waliofanya uamuzi hawakuisoma, au waliisoma wakapita. Nimekasirika kama wewe, hata zaidi, maana jedwali lile lile lilionyesha wazi ni lini mlianza kuanguka na kwa nini, wao wakaangalia mstari wa mwisho tu.

Mama ananiuliza mbona mjomba hasalimii tena. Nimjibu nini?

Mpwa wako.


Nyumbani, 24 Agosti

Mpwa wangu, marahaba.

Msalimie dada. Mwambie nilikuwa na shughuli.

Wamekuja watu wawili kutoka kiwanda cha mashariki, kile cha huko mjini kwenu, na gari safi. Mkononi wana ripoti yenu, wamepigia mstari tanbihi. Wanaongeza mashine ya pili, na rola mpya kutoka nje zingewachukua mwaka mzima kuzipata. Wakaomba waone hizo rola zinazozungushwa. Wakaja na rula ndefu na taa, wakazikagua moja moja, wanainama, wananong'ona. Yule mkubwa akaniuliza, "Mzee, nani alikwambia uzizungushe?" Nikamwambia kwani wewe mtoto wako akilala nani anakwambia umgeuze.

Meneja amewauzia. Kila kitu kitakachofaa kitakwenda, na jengo litakuwa ghala la mtu.

Mpwa, sijui nicheke au nilie. Mwaka mzima nimemtunza Bibi ili aamke, kumbe nilikuwa namtunza ili achinjwe akiwa mnono. Kama ningemwacha apinde, asingetakiwa na mtu, angebaki kwetu.

Halafu wananiambia niende nao, mimi na Mnene, tukawafungie na kuwaendeshea. Kuna mshahara na chumba. Mnene amekubali hata sentensi haijaisha. Mimi nimewaambia siendi. Siwezi kwenda kufanya kazi kwa watu wanaokula nafuu ambayo ilikuwa yetu sote. Aunti yako amenipigia kelele, na mara hii nilisikia kila neno.

Tanbihi yako ilikuwa nzuri. Iliandikwa kwa adabu.

Mjomba wako.


Korido, Ofisi ya Takwimu, 3 Septemba

Mjomba, shikamoo.

Sitakubembeleza. Mama ndiye anabembeleza, na maneno yake ni haya, ameniamuru niyaandike kama yalivyo: "Mwambie mdogo wangu kichwa chake ni kigumu kuliko hizo rola, na hakuna aliyekizungusha."

Mimi nasema hivi tu. Ukija, nitafurahi mpaka nitachekwa. Usipokuja, nitaelewa, na nitaendelea kukuandikia.

Mpwa wako.


Nyuma ya kiwanda, huku huku kwenu, 17 Oktoba

Mpwa wangu, marahaba.

Usishangae muhuri wa posta. Niko mjini kwenu, wiki ya tatu sasa, mitaa michache tu kutoka ofisini kwako. Juzi nilikuona unavuka barabara na mfuko wa nyanya. Nilijificha nyuma ya kibanda cha viatu, mtu mzima mimi.

Nilisema siji, na nilikuwa sitanii. Siku ya kupakia nilikwenda kuangalia tu, nimesimama mbali, mikono mfukoni. Wakaleta winchi. Vijana wakafunga rola ya kwanza kwa mnyororo mtupu, chuma juu ya chuma, bila hata gunia katikati! Mkwaruzo mmoja tu, na kila karatasi itakayopita hapo itatoka na mstari mpaka mwisho wa dunia. Nilipiga ukelele, mwenye winchi akadhani nimeumia. Nikawavua mnyororo, nikaomba magunia na kamba, nikaifunga mwenyewe. Halafu ya pili. Ilipofika ya mwisho nikaona njia nayo ni mbovu, na dereva anatafuna tu, hana habari. Nikapanda lori na nguo nilizovaa. Aunti yako alinitumia begi baadaye, juu yake kakibandika kikaratasi: "Nilijua."

Sikuja kwako kwa sababu nilikuwa bado na hasira, na hasira ikipungua inakuja aibu. Zikaniwekea zamu.

Jana wamewasha. Rola zetu ziko katikati ya mashine ya watu, zimepakwa rangi ya kijani ambayo mimi nisingeichagua. Masikio yangu unayajua, sikusikia kitu. Niliweka kiganja kwenye fremu na nikamsikia kwa mkono, ule mtetemo wake, ni yeye. Nililia mbele ya wafanyakazi wote. Mnene alijifanya anatafuta spana.

Ile sufuri bado inaniuma. Ulifanya sawa, na inaniuma, yote mawili ni kweli. Mwakani utaiandika tena kule kwetu, na mwaka unaofuata, na safari hii hakuna wa kukuomba uifute. Iandike vizuri.

Karatasi hii unayoisoma ndiyo ya kwanza kutoka. Niliikata mwenyewe kwa kisu, wakanitazama, nikawaambia ina mwenyewe. Huo mkunjo unaouona pembeni ni kwa sababu blanketi la mashine, kile kitambaa kinachobeba karatasi ikiwa mbichi, ni jipya, halijakaa sawa. Siyo rola. Ishike mbele ya taa uitazame yote, toka juu mpaka chini, haina mstari hata mmoja.

Jumapili sina zamu. Njoo na dada.

Mjomba wako.